Bei ya Nakuru Niliyoitundika Keringet

Kwako Baba, uliye mbali Lodwar,

Ile bei sikuikosea. Niliisoma vizuri kabisa. Niliuona mstari wa kwetu kwenye simu yako, nikauona na wa Nakuru, halafu nikakusomea wa Nakuru. Ulipouliza, "Una uhakika huo ndio wetu?" nilisema ndiyo huku nikiangalia viatu vyako. Sijawahi kumwambia mtu. Si Mama, si mchungaji, hata Faith tunayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa pale shuleni Bahati, yeye juu mimi chini, ambaye anajua mpaka jina la mvulana ambaye sitamwandika hapa.

Unajua mimi si mtu wa maneno. Wageni wakija nyumbani na kuniuliza habari za shule, wewe ndiye ulikuwa unanijibia: "Huyu wangu huongea na kalamu." Basi leo naongea nayo.

Nikifunga macho nakiona kituo kile cha mafuta, na wewe ndani ya ovaroli yako ya buluu. Pampu mbili, paa moja la mabati, na bango la chuma lenye ndoano za kutundikia vibao vya namba. Kila katikati ya mwezi, serikali ikitangaza bei mpya, kila mji na mstari wake, wewe ulikuwa unaningoja kama niko likizo, kwa sababu miwani yako ilikuwa imevunjika mkono mmoja na hukutaka kununua nyingine. Nilikuwa nakusomea, unaiweka bei kwenye pampu, kisha napanda kigoda natundika namba na wewe umekishika. "Funga hiyo tisa vizuri, isije ikapinduka ikawa sita, tukafilisika," ulikuwa unasema. Kila mwezi utani ule ule, na kila mwezi nilicheka. Ilikuwa kazi yetu sisi wawili, na mimi ambaye sikuwahi kuchaguliwa hata kusoma matangazo ya kanisa, nilijisikia mtu wa maana nikiwa juu ya kile kigoda.

Lakini nilikuwa nasikia pia walivyokusema. Kibet wa bodaboda alikuwa anaegesha pikipiki na kuanza: "Niaje, mzee wa dhahabu! Juzi nimejaza Nakuru, bei si hii. Hii ingine inaingia mfuko gani?" Wewe ulimjibu, "Si uende ujaze Nakuru basi, urudi huku na tangi tupu." Wote wakacheka, na Kibet naye akacheka, akajaza. Kwako maneno yale yalikuwa yanapita. Kwangu yalikuwa yanabaki.

Halafu shuleni, nikiwa kidato cha pili, kuna msichana ambaye baba yake alipitia Keringet akienda mazishi Olenguruone. Siku tuliyorudi kutoka mapumziko aliniita mbele ya bweni lote. "Aki Chela, kwani huko kwenu mnachanganya petroli na asali? Dadi amesema yule mzee wa kituo ni mwizi tu. Si huyo ndiye babako?" Walicheka. Na mimi nikacheka nao.

Nilicheka nao, Baba. Hilo linaniuma kuliko ile bei.

Na ukweli mwingine ni huu: niliamini kidogo. Nilijiuliza, mafuta ni yale yale, kaunti ni hii hii moja ya Nakuru, mbona kwetu yapande? Sikukuuliza. Ningekuuliza, ungenijibu kwa dakika tano. Badala yake, likizo ya Aprili ilipofika, nikachagua mstari wa Nakuru. Nilitaka siku moja tu watu wakuone wewe ni mtu mzuri.

Na asubuhi ile walikuona hivyo. Pikipiki zilipanga laini mpaka kwa mwenye kuuza mbao. Kibet alishuka akakupa mkono kama mko kanisani. "Mzee, leo umeokoka!" Ulikuwa unacheka huku unajaza, ukisema labda serikali imetukumbuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti karibu na mikebe ya oili na moyo wangu umejaa. Sijawahi kujisikia shujaa kama asubuhi ile.

Kisha saa sita mama mwenye kituo akafika kutoka Molo. Hakusalimia.

"Mzee, hii bei umetoa wapi?"

"Kwa ile orodha, madam."

"Hii ni ya Nakuru! Nani alikusomea?"

Nilisimama. Nadhani ulinisikia nikisimama, kwa sababu ulijibu haraka. "Nimejisomea mwenyewe."

"Na hiyo miwani imevunjika?"

"Ndio maana nimekosea."

Kibet akadakia kutoka juu ya pikipiki: "Lakini madam, kwani sisi tuko Uganda? Hata kitambulisho changu kimeandikwa Nakuru."

"Basi mwambie aliyekuandikia hicho kitambulisho akuletee lori la mafuta mpaka hapa," alimjibu, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Ulipanda kigoda wewe mwenyewe kubadilisha namba. Mimi ndiye nilikishika. Wale wale wa asubuhi wakaanza kupiga kelele: "Mwizi! Asubuhi umeokoka, saa sita umerudi nyuma!" Nilikaza mikono yote miwili kwenye kigoda. Hukuangalia chini. Uliniambia tu, "Shika, mama. Shika hivyo hivyo."

Mwisho wa mwezi kituo kikapewa mpwa wa yule madam. Nyumbani ulimwambia Mama maneno yale yale uliyomwambia mwenye kituo, kwamba ulisoma vibaya. Nilikuwa nakamua ng'ombe, nikakusikia kupitia ukutani.

Sasa nataka nikukumbushe siku uliyonirudisha shule, maana sijawahi kukushukuru kwa siku hiyo. Hukuwa na kazi tena, lakini ulivaa koti lako la Jumapili, tukapewa nafasi mbele kwenye lori la maziwa linaloteremka kwenda Nakuru. Karibu na Elburgon tukakutana na lori la mafuta likipanda mlima polepole, likinguruma kama linalalamika. Ukanigusa bega.

"Unaona? Maziwa yetu yanashuka, mafuta yao yanapanda. Barabara ni hii moja."

"Na sisi wote tunakunywa dizeli," dereva akasema. "Huyo anapanda akibeba mafuta na njiani anayachoma. Nani atalipa? Mwenye pikipiki kule juu."

Tulipofika Nakuru hukunipeleka moja kwa moja hadi Bahati. Ulinipeleka mpaka pale kwenye ua wa yale matangi makubwa meupe, tukasimama nje ya waya kama watalii. Ulinionyesha kwa kidole kitu kisichoonekana: bomba lililo chini ya ardhi, linalotoka Mombasa meli zinapoteremsha, likapita Nairobi, likaja mpaka hapa. Ukasema bomba halichoki, halina tairi, halikwami kwenye matope, kwa hivyo safari yake ni rahisi. Lakini bomba halipandi kwetu. Kutoka hapa ni lori, Njoro, Elburgon, Molo, mpaka Keringet, na kila mlima una gharama yake. Serikali inapopiga hesabu ya kila mji inaweka ile njia ndani. Faida ya mwenye kituo Nakuru na wa Keringet ni ile ile. "Kinachozidi si mfuko wa mtu," ulisema. "Ni njia."

Halafu ukaingia dukani ukaninunulia pakiti ya maziwa. Ukanionyesha bei yake.

"Ni juu kuliko kwetu ama chini?"

"Juu."

"Huyu mwenye duka ni mwizi?"

"Hapana."

"Sasa mbona ni ghali?"

"Kwa sababu ng'ombe hawako hapa."

"Eeh," ulisema. "Na bahari haiko Keringet."

Ulicheka peke yako mpaka ukafuta macho. Nikaanza, "Baba, ile bei…" na wewe ukanikata hapo hapo, kwa upole, bila kunitazama. "Ile bei nilisoma vibaya mimi. Imekwisha. Kunywa maziwa."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua. Nadhani ulikuwa unajua. Nadhani ndiyo sababu ulinipeleka kwenye matangi, badala ya kuniketisha nyumbani na kuniuliza kwa nini. Ulijua swali langu bila mimi kulisema, ukanijibu, na kosa langu ukaliweka mfukoni mwako ukaondoka nalo. Asante kwa hilo. Asante pia kwa vile hukunidharau kwa kukushuku. Na kwa karo inayotoka huko kwenye joto kila muhula bila wewe kuniambia umejinyima nini.

Sijui kama nilikusimulia kwamba wiki ile yule msichana alirudia utani wake wakati wa chai. Safari hii nilijibu. Sauti yangu ilikuwa inakwaruza kama redio mbovu, lakini nilijibu. Nilimuuliza maziwa aliyokuwa ameshika yametoka wapi na kwa nini ni ghali kuliko kwetu. Akasema, "Sijui, gari?" Nikamwambia, "Basi hata petroli hupanda gari." Nikaongeza kwamba babangu hajawahi kumwibia mtu hata tone moja. Faith akapiga meza. Nilikaa chini nikamalizia chai yangu. Nilikuwa nimekutetea, ingawa ulikuwa umeshaumia.

Umeniambia kwenye simu kwamba hata Lodwar, kwenye kituo ulikopata kazi, wanakuuliza swali lile lile. "Mzee, mbona Eldoret ni rahisi?" Na kwamba uliwaambia bahari haiko Lodwar, wakakujibu ziwa wanalo, basi uwatolee mafuta huko. Nilicheka mpaka Mama akauliza ni nini. Nilipomweleza hakucheka.

Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu naandika. Mama bado anaamini ulipoteza kazi kwa uzembe. Akina mama wa kanisa wakimuuliza kwa nini ulienda mbali hivyo, anawajibu, "Alishindwa kusoma bei ya mafuta. Bei tu!" Wanacheka, mimi naendelea kuosha vikombe. Mnapoongea Jumapili anakuuliza kama umekula, kama joto limepungua, kisha ananipa simu. Nilijiambia ni uchovu. Lakini Jumapili iliyopita ulimuuliza kama unaweza kuja Agosti, naye akasema, "Nauli ya nini? Kaa huko kazini, usije ukasoma vibaya tena." Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika. Nilihesabu pumzi zako. Hukujitetea. Ungesema neno moja tu, lakini neno hilo lingeniangukia mimi, kwa hivyo ukalimeza tena, miaka miwili baadaye, kilomita zote hizo.

Nilikuwa nafikiri kunyamaza kwangu ni aibu tu, jinsi nilivyo. Siku hiyo nikaona kunakugharimu nyumba yako. Sitaki uje Agosti kama mgeni wa kukaribishwa na soda. Nataka uje kama Baba, ukae kwenye kiti chako, Mama akuulize kama chai ina sukari ya kutosha, kwa ile sauti yake ya zamani.

Nimeianza barua hii mara tatu wiki hii ya likizo. Kila mara Mama akitokea naisukuma chini ya kamusi na kujifanya natafuta neno. Sasa hivi ameenda kupeleka maziwa ya mchana. Mvua imeanza huku, ile ya ukungu, na viazi vya shamba la juu vimeshatoa maua. Ungevipenda.

Lango limelia. Ni yeye, nazijua gambuti zake, anazigonga kwenye jiwe kutoa matope, kwanza kushoto, halafu kulia. Anaita kama nimewasha moto. Sijawasha. Mkono wangu umeenda kwenye kamusi wenyewe, kwa mazoea.

Nimeurudisha.

Kurasa zote nimezipanga hapa mezani, maandishi yakiwa juu, ya kwanza mbele. Ataanza kuisoma amesimama, kisha atakaa. Sijui atasema nini, naogopa, lakini nitakaa hapa akisoma mpaka mwisho, na akimaliza nitampa simu akupigie yeye mwenyewe. Ukiona namba yetu na si Jumapili, usishtuke. Pokea.

Ameshika kitasa.

Binti yako wa kwanza, anayekupenda,
Chelangat