Matoka ya Upande wa Barabara

Huku Uarabuni,
Nyumbani kwa Kariuki

Kwako Mama Kariuki,

Nakuamkia ukiwa huko kwenye baridi yetu nzuri. Niarifu kama goti limepungua uvimbe na kama ng'ombe amekwisha kuzaa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umejaa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Simu za hapa hupigwa Kariuki akiwa ameketi kando yangu, na yapo mambo ambayo mume na mke hawayasemi mbele ya mtoto wao, hata kama mtoto mwenyewe ameanza kuota mvi. Barua hii inaletwa na kijana mmoja wa Kangema anayerudi nyumbani kwa likizo. Nimemwagiza aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Kariuki aliniambia kwamba ananileta huku nipumzike. Sasa najua kwamba sikuletwa kupumzika. Nililetwa kuonyeshwa.

Katikati ya mji huu wamejenga majumba marefu kiasi kwamba anayetaka kuona vilele vyake sharti ashike kofia. Kariuki hutengeneza lifti za majumba hayo. Chini yake kuna maduka yasiyo na mwisho, na nyuma ya maduka kuna bustani ya umma. Haifikiki ila kwa kupita madukani, kama vile mtu angejenga duka mlangoni mwa kanisa kisha akasema kanisa ni la wote. Ndani ya maduka ni baridi kama Nyeri mwezi wa Julai. Nje ni joto la tanuri la matofali. Miti ya bustani ililetwa na malori ikiwa imekwisha kukua, na hadi leo imeegemezwa kwa vyuma kama wagonjwa. Nyasi zipo, za kijani kibichi, wala hakuna mnyama wa kuzila.

Kila jioni mwanao akitoka kazini huniteremsha huko. "Baba, fikiria hii ingekuwa Othaya."

"Othaya ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Haina hii, basi."

"Na hii ina majani chai?"

"Baba, mtu hawezi kuchuna chai mpaka afe!"

Neno lile halikunipendeza. Unakumbuka wale watu wa kampuni waliokuja uani kwetu na picha zao, wakitaka mteremko wote ulio kando ya soko, shamba letu na la jirani, ili wajenge kitovu cha mji chenye maghorofa, maduka na bustani. Waliniita Mwalimu katika kila sentensi. Niliwaambia hapana mbele yako, wakanywa chai, wakaenda. Nilidhani jambo lile limekwisha.

Sasa nikueleze la Jumamosi. Tulikuwa tukipita bustanini nikaona matoka. Ndiyo, matoka, kama yetu ya mpakani, yenye majani mapana na maua meupe yaliyoinama, yamepandwa mstari mmoja mnyoofu kutoka kwenye maji hadi ukutani. Nilifurahi. Nikajisemea kwamba angalau hapa yupo mtu aliyekaa na jirani yake wakaelewana. Kisha nikaona wanaume wawili wenye majembe wakiyang'oa na kuyatupa kwenye toroli.

Wewe ulikuwapo baba yangu alipoyapanda yetu. Wazee wa pande zote mbili walisimama, kondoo akachinjwa, na ikasemwa kwamba atakayeyang'oa kwa siri amejing'oa mwenyewe. Basi miguu yangu ilikwenda kabla ya akili. Nililishika itoka mkononi mwa mmoja wa wale wanaume nikamwambia alirudishe shimoni. Yeye hajui Kiswahili; alivuta kwake, nami nikavuta kwangu. Watu walianza kutupiga picha. Kariuki alikuwa akiniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita ng'ombe aliyeingia shamba la watu.

Hapo akaja askari wa bustani akikimbia. "Mzee, wacha hiyo! Wacha, utaumia!"

Niliitambua ile lafudhi ya kwetu. "Wewe ni wa wapi?"

"Mimi? Kerugoya."

"Na huko kwenu Kerugoya, mtu huamka tu akang'oa itoka mchana, bila wazee?"

Alitazama shimo, akatazama mkono wangu, akacheka hadi kofia ikamwanguka, kama mjukuu anayemcheka babu yake. "Ai, guka! Hii si ya mpaka! Hii ni maua tu. Wanatoa hii, wanaweka ingine, kila saa ni hivyo. Hapa hakuna mtu ako na shamba, guka. Yote ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Hata mimi sijui. Mimi nalinda tu."

Nililiachilia itoka. Yule mtu wa jembe aliniinamia kwa adabu kisha akalitupa torolini.

"Baba, umeniaibisha mbele ya watu ninaofanya nao kazi," Kariuki alisema tulipoingia ndani ya lifti ya kupanda kwake. Nilimjibu kwamba aibu ni kwa anayeng'oa mpaka, si kwa anayeuzuia kung'olewa. Nilitarajia abishane, kwa maana unamjua. Hakubishana. Alitazama namba za ghorofa zikibadilika, na mwishowe akasema, "Baba, ya kwetu yalishatolewa. Yale ya upande wa barabara. Wapimaji wa ile kampuni walitaka kupitisha kamba."

"Nani aliwaruhusu?"

"Mama."

Lifti haina mahali pa kuondokea, Mama Kariuki. Nilisimama humo hadi ikafika.

Nilikasirika, na hadi sasa niandikapo nimekasirika. Tumezungumza kila Jumapili. Umenisimulia mvua, umenisimulia mchungaji mgeni aliyehubiri hadi chakula kikapoa, tukacheka. Hukunisimulia kwamba watu walipita na kamba mahali aliposimama baba yangu.

Mezani Kariuki aliendelea, na nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. "Mama amechoka, Baba. Anashuka mteremkoni na kikapu, goti limevimba, halafu anapanda nacho hadi kituo cha kupimia majani. Anataka jiko lenye bomba na mahali pa kukaa. Alisema wewe huambiwi kitu ukakisikia."

"Mimi naambiwa," nilisema.

"Na nani?"

Nilitafuta jina la kumpa. Chakula kikapoa mbele yangu, bila mhubiri.

Nimemtaka Kariuki abadilishe tarehe ya tiketi yangu nirudi mapema. Alisema haibadiliki. Nilimwambia kwamba basi nitakwenda kuketi na yule kijana wa Kerugoya, tulinde pamoja vitu vya mwenyewe, hadi ibadilike. Imebadilika. Nitafika kabla ya mwisho wa mwezi. Hadi hapo, mpimaji yeyote asisimike nguzo shambani. Mwambie Baba Kariuki hajakubali, na hatakubali kwa sababu ya kuonyeshwa maghorofa.

Lakini wewe si mpimaji. Kama unataka tuuze, nataka nilisikie neno hilo kinywani mwako, sisi wawili tukiwa tumesimama kwenye yale mashimo, si kinywani mwa mtoto ndani ya lifti. Siahidi kwamba nitalipenda. Naahidi kwamba nitakuuliza habari za goti kwanza, kisha za shamba.

Nisalimie shemeji yangu fundi seremala, na umwambie ule mlango wa zizi bado naungojea. Msalimie Mama Njoki anayekusaidia kuchuna, na mzee wa kanisa letu. Usimweleze lolote kuhusu toroli.

Yale matoka, kama hayajatupwa, yaweke kivulini nyuma ya jiko na uyanyunyizie maji kidogo. Hayafi upesi. Yatungoje.

Mumeo, ambaye huambiwa,
Baba Kariuki