Mawese ya Mulekera

Masika mujukuu wangu,

Nakusalimia toka Kimemi, hapa Butembo. Maharagi imezaa vizuri, ila mujomba wako angali anakohoa.

Unauliza sababu gani sijakubali yule kijana anayetaka kukuoa, na anasema vizuri vile. Ngoja nikuambie.

Wakati wa vita nilinunua bidon tano za mawese kule Beni, Mulekera. Mutaji wangu wote ulikuwa mule. Muuzaji alimimina kidogo: "Mama, angalia vile inatiririka! Safi kabisa!" Na ile joto ya Beni, yote ilitiririka. Mambo ya njiani naacha.

Huku Butembo, baridi ya asubuhi inagandisha mawese, lakini maji haigandi. Nikainamisha bidon ya kwanza: juu ngumu, chini kitu kinachezacheza. Zote tano hivyo. Jirani yangu akacheka sokoni: "We mama, umetuletea muto Semuliki muzima!" Inaniuma mpaka leo.

Kijana wako simukatai. Lakini mumeonana kwenye sikukuu tu. Mulete huku, alime na mujomba wako juma moja kwenye mvua, bila watu wa kumusifu. Mimi nitakaa pembeni, nikisikiliza kama kuna kitu kinachezacheza chini.

Koko wako