Mfuko Usio na Kitako

Jumapili, 3 Novemba 1957

Sare ya harusi imeamuliwa. Kitambaa cha atlasi cha rangi ya waridi, jora zima. Shangazi Mastura amelitoa dukani barabara ya tisa kabla mtu mwingine hajalitia jicho. Wasichana wanane, gauni la namna moja. Sketi ya kubana mpaka chini ya magoti.

Ya kubana. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati yao, nimekishika kile kitambaa. Kizuri, kizito, kinateleza vidoleni. Nikajua sitapiga hata hatua tatu ndani yake.

Na Asmahani, bibi harusi mwenyewe, ametangaza mbele ya wote kwamba mimi ndiye nitakayemtangulia na chetezo cha udi siku ya kupambwa. Mama yake — shangazi — akasema, chetezo kina makaa, mwanangu. Asmahani akamjibu, Mwatumu mkono wake wa kulia mzima, na chetezo hakishikwi kwa miguu. Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Nimerudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha kabati, jambo ambalo sijalifanya tangu nitoke bweni. Mguu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka sita. Nikikanyaga, goti linakunjika, basi mkono wa kushoto hulisukuma paja nyuma kila hatua. Miaka kumi na tano nafanya hivyo, nilidhani naijua sura yake. Siijui. Mkono unaliburura gauni, pindo linapanda, mguu mwembamba wote uko nje, mgongo umeinama kama wa mtu anayetafuta sindano.

Kipo kile chuma cha hospitali. Kimeungwa na kiatu, na viatu huvuliwa mlangoni. Aliyekibuni hajapata kualikwa nyumba yenye mkeka.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemaliza kufundisha mapema, nimepita maduka ya nguo zilizoshonwa tayari, nitafute mshono nitakaoweza kutembea nao. Matatu. La kwanza sketi zote za kubana. La pili vifungo vyote mgongoni, nami nikisimama nina mkono mmoja tu wa kufungia. La tatu muuzaji alinitazama ninavyoingia, na kabla sijafungua kinywa akaniteremshia gauni refu, jeusi, pana kama chandarua. Akasema, hili litakufaa, linaficha.

Sikuwa nimemuuliza.

Mama naye kapata dawa yake: nijifunge kanga juu ya sare, nani atajua? Nitajua mimi. Shangazi kasema ataniwekea kiti kizuri karibu na wazee, nikichoka nikae. Nina miaka ishirini na mmoja!

Kila mtu ananitafutia stara. Hakuna anayenitafutia gauni.

Alhamisi, 7 Novemba

Ruthi, mwalimu mwenzangu, ameleta gazeti la picha kutoka kwa dada yake wa Mombasa. Ukurasa wa tisa. Mwanamke amesimama, sketi yake pana imejaa upepo, mkono mmoja umezama mfukoni. Anaonekana kama mwenye nyumba, na nyumba yenyewe kubwa.

Nimelitazama mpaka kengele ikalia na watoto wakaniita.

Nyumbani nimechukua gauni langu la zamani la maua, nimefumua mshono wa ubavuni shibiri moja, nimepitisha mkono ndani. Paja hili hapa. Nalisukuma, hakuna anayeona. Gauni linaning'inia lenyewe, halivutwi na mtu. Na kwa kuwa sihitaji kukamata nguo, sihitaji kuinama!

Kutoka kitandani hadi dirishani, mara kumi na mbili. Mgongo umenyooka. Si kabisa. Lakini umenyooka.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimelipeleka gazeti kwa shangazi, nimelitupa mkekani kama mtu asiye na haja nalo. Wasichana wakalirukia. Asmahani akasema hii, hii hasa, sketi ya kubana imepitwa, kila arusi ya Makorora wameivaa.

Shangazi akavaa miwani yake. Mifuko ya nini? Mtatia nini humo, tambuu? Mmoja akamwambia, tutatia mikono, Bi Mastura. Akasema mikono yenu mimi naitaka jikoni, si mifukoni. Lakini alikuwa anacheka. Kisha akapima jora kwa macho, akasema kitambaa kitatosha, hakitabaki hata cha leso.

Imekubaliwa. Wote wanane sketi pana, wote mifuko miwili. Sikutaja mguu. Hakuna aliyeutaja. Nimerudi nyumbani nimefurahi na nimechoka, kama mtu aliyeiba.

Jumatatu, 11 Novemba

Fundi Idarusi hampimi mwanamke. Unampelekea gauni lako la zamani awe na kipimo, na neno la ziada unamwandikia. Nimempa kaka Haji gauni la maua, mshono wake nimeurudisha, pamoja na karatasi. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama za ubaoni: MFUKO WA KUSHOTO USISHONWE KITAKO. UACHWE WAZI CHINI.

Haji kaisoma, kanitazama, kaikunja. Hakuuliza. Nimemshukuru moyoni kwa kutouliza.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Watoto wawili wa darasa la pili wameniigiza nyuma ya choo. Mmoja anajua kweli kweli, hata bega ameliweka sawa. Nimepita kama sikuona.

Jumatatu, 18 Novemba

Magauni yamekuja. Langu ni zuri. Sijapata kuwa na nguo nzuri hivi. Kiuno kimekaa, sketi inazunguka nikigeuka.

Nikatia mkono mfukoni. Kitako kipo. Kimeshonwa mara mbili.

Haji kasema fundi aliposoma karatasi alicheka, akawasomea na waliokuwa barazani. Mwalimu naye hukosea! Mfuko usio na kitako, leso si itaanguka njiani? Akamwambia Haji, mwambie asione haya, nimemrekebishia, hata wasomi husahau.

Nimemwuliza Haji, wewe ulimwambiaje? Kasema, ningemwambia nini, dada, hukuniambia kitu.

Nimetoka uani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda mwenyewe barazani kwa fundi baada ya shule. Njia nzima nimeyapanga maneno. Si mengi. Fundi, mkono wangu unahitaji kupita.

Walikuwa watano pale, wanakunywa kahawa. Fundi Idarusi akasimamisha cherehani, akanyanyuka kwa heshima. Karibu mwalimu, gauni limekukaa? Limenikaa, fundi, ahsante. Mfuko umeuona? Nimeuona. Wale wakatabasamu, kwa wema tu, kwa wema. Mmoja akanivutia kigoda nikae.

Nikasema nimekuja kutaka uzi wa waridi. Akanipa kibunda kizima.

Mpumbavu! Si yeye. Mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekata kitako kwa wembe wa Haji. Kingo nimezikunja, nimezizungushia uzi wa fundi. Shimizi la ndani nalo nimelitoboa mahali pale pale. Mkono unapita.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo tumejaribu kwa shangazi. Chetezo hakina makaa, mkono wa kulia. Mkono wa kushoto mfukoni. Kutoka mlango wa chumba cha ndani, kupita ukumbini, hadi kilipowekwa kiti cha bibi harusi. Hatua kumi na tisa. Asmahani nyuma yangu, ameshika bega langu kwa mchezo, ananinong'oneza usikimbie, mume hajafika.

Nilifika. Niligeuka. Sketi ikazunguka, ikatulia.

Wasichana wananitazama. Kisha mmoja naye akatia mkono mfukoni, akatembea nyuma yangu, si kwa kuniigiza, kwa kuringa tu. Mwingine akafuata.

Shangazi akaniambia, umefanyaje, mwanangu? Nikamjibu, mazoezi, shangazi. Akasema, naam, chetezo chako.

Nimemdanganya mtu mzima bila haja. Ningeweza kusema pale pale. Wanawake watupu, mlango umefungwa. Kwa nini siwezi kulitamka neno paja mbele ya watu walioniogesha nikiwa mtoto?

Ijumaa, 22 Novemba

Nikahi imesomwa. Mama amekusanya magauni yote manane pamoja na shimizi langu, amekwenda nayo kwa shangazi kuyafukiza udi. Kesho kupamba.

Jumamosi, 23 Novemba, saa kumi kasoro robo

Niko chumba cha ndani kwa shangazi. Kitanda kimejaa mabuibui ya wageni. Daftari lilikuwa mkobani. Wenzangu wameshatoka kwenda ukumbini. Nimebaki na kanga kifuani na gauni mapajani.

Nililivaa. Nikatia mkono mfukoni, ukafika chini, ukakwama.

Nimelivua, nimeligeuza. Mishono midogo midogo, uzi maradufu. Si ya fundi. Nikamwita mama dirishani, yuko uani anapakua. Uso wake umemeremeta. Kasema jana wakati wa kufukiza aliona mfuko umefumuka, na shimizi nalo limechanika mahali pale pale, hakutaka mwanawe aaibike mbele za watu, ameshona vyote viwili na havitafumuka tena. Mama ambaye siku hizi hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kuniita. Alimwita nani jana?

Nikasema ahsante, mama.

Nimejaribu kwa meno. Nimejaribu kwa pini ya nywele. Atlasi imeanza kutoa nyuzi, nimeacha. Mkasi sijui uko wapi, nyumba imepinduliwa.

Fundi kashona kwa wema. Mama kashona kwa wema. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumkasirikia, na nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Uachwe wazi, niliandika. Kwa nini uachwe wazi, sikuandika.

Nje tari zimeanza.

Shangazi amegonga. Mwatumu, makaa yamewaka, umevaa? Bado. Una nini? Nikaligeuza gauni tena. Akasema kwa sauti ya chini, yule binti wa kwao bwana harusi, wa Pangani, ameshakishika chetezo, nimwambie aende nacho?

Hapana, shangazi. Nataka wembe.

Wembe wa nini saa hizi?

Nilimsikia anapumua upande wa pili wa mlango. Wanaimba, Asmahani ameshatolewa kwenye chumba chake, nasikia vigelegele vinamfuata kuja mlango huu.

Shangazi ameingia. Ametia komeo. Wembe hana. Amesukuma mabuibui pembeni, ameketi kitandani, anautazama mguu wangu, si kwa kuiba kama watu wengine. Anautazama. Kasema, haya, nieleze.

Nimemwambia namaliza mstari huu. Anangoja.