Kocha Asiyekataza Kitu

Lipnica, 4 Machi

Mwanangu Biljana,

Natumai u mzima huko Viena na baridi haijakuzidi nguvu. Mimi nipo, ila sukari haishuki na kidonda cha mguu bado kinanisumbua. Daktari amesema nikiendelea hivi, mguu utakatwa.

Sasa huyu Ruzica, kocha wa afya uliyeniletea, ni mtu wa namna gani? Hana sindano wala dawa, hata joto la mwili hakunipima. Nilimwekea slatko yangu, zile plamu ninazozipika kwa sukari tele, kijiko kimoja na glasi ya maji kama mgeni yeyote, nami nikala pamoja naye. Nikangoja anigombeze. Akaniuliza huwa nalalaje. Jirani yetu Radojka anasema umetapeliwa. Hebu nieleze, maana nimechanganyikiwa.

Mama yako


Viena, 13 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, kazi tu. Kocha wa afya si daktari. Dawa zako endelea nazo, na kidonda ni cha daktari. Kocha anakaa na mtu anayejua la kufanya lakini halifanyi: mwenye sukari, mwenye presha, anayetaka kuacha sigara. Mnapanga hatua ndogondogo pamoja, naye anakufuatilia. Ndivyo nilivyoelewa mimi. Lakini kwa nini akala slatko na wewe? Hapo hata mimi sielewi. Mwambie akupe masharti, na uyafuate. Mguu ukikatwa nani atakutunza, nami niko mbali?

Binti yako


Lipnica, 27 Machi

Mwanangu,

Habari za afya yako? Mimi ni vilevile. Nilimwomba masharti, akasema ninayo tayari, daktari amenipa tele. Alitaka kujua sukari inaniingilia wapi. Nikamweleza kwamba kila nyumba ninayoingia naletewa slatko, na kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Na tangu baba yako afe, nashinda kwenye nyumba za watu.

Hakunilaumu. Akaniuliza miguu naitakia nini. Nikamjibu nataka kuzikwa nayo yote miwili. Hakucheka.

"Na kabla ya kuzikwa, Mama Desanka, unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata baba yako, Mungu amrehemu. Alhamisi anakuja, na jibu sina.

Mama yako


Viena, 2 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumai hujambo. Barua yako imenikasirisha. Yaani namlipa mtu aje kuzungumza nawe habari za kuzikwa? Nimempigia simu, nimemwambia asije tena. Natafuta muuguzi atakayefunga hilo kabati la slatko na kukaa na ufunguo. Usinune, Mama. Nafanya hivi kwa sababu naogopa.

Binti yako


Lipnica, 15 Aprili

Biljana,

Natumai hasira zimepoa. Alhamisi niliteleka kahawa, Ruzica hakutokea. Nikadhani nimemuudhi. Barua yako ilipofika nikaelewa, kisha nikaacha kuelewa tena. Mguu wangu, kabati langu, halafu ufunguo wa muuguzi?

Nikaenda kwa Radojka. Akaleta slatko kama kawaida. Nikanywa maji, kijiko nikakiacha. Aliniangalia kama niliyemtemea mate. Nikamwambia, "Radojka, nakupenda, lakini sitaki."

Aliweka kijiko chake chini, nami nikajuta. Kisha akasema sukari inamsumbua hata yeye, na miaka yote hii amekuwa akila kwa heshima yangu. Tulicheka hadi machozi yakatutoka, vikongwe wawili wanaouana kwa adabu.

Basi nikapata jibu. Nimempigia Ruzica kwa simu ya Radojka, nikamwambia: kabla ya kuzikwa nataka nijue kukataa bila kuogopa kwamba sitapendwa. Alhamisi anarudi, na Radojka atakuwepo, maana naye ana maswali yake.

Sukari haijashuka, na sijui kama mguu utapona. Lakini muuguzi usimtume. Wa kwanza kumkatalia alikuwa Radojka, wa pili ni wewe. Nakupenda, mwanangu, lakini sitaki.

Mama yako