Asubuhi ya Matawi Ngong Road

Baba Nafula wangu,

Leo asubuhi nimekwama pale Dagoretti Corner na pikapu yako. Magari yamebanana, na yule wa nyuma yangu anapiga honi kama amechelewa harusi yake mwenyewe. Nikajisikia nasema, "Mwache apite, pengine tumbo linamuuma." Hayo ni maneno yako kabisa. Basi nimeona nikuandikie, hata kama huko uliko hakuna posta.

Ulikuwa unanikera, usidhani nimesahau. Ulikuwa unapelekea mafundi wa Kabiro mbao, na mbele ya gari unaacha nafasi ya kutosha ng'ombe kulala. Kila mwenye haraka anajichomeka hapo. Nikikwambia unawapatia barabara yote, unanijibu kwamba ukifunga breki ghafla mbao zitaturukia kichwani, kwa hivyo hiyo nafasi ndiyo breki yako. Moyoni ninasema nimeolewa na konokono.

Halafu ikafika asubuhi ya uchungu wa kumzaa Nafula. Wa kwanza tulikuwa tumeshamzika, yule ambaye hata hakulia. Tuliogopa wote wawili na hatukuambiana. Uliporudi ndani kuchukua blanketi, Mama Mutua, yule jirani yetu Mkamba, na akina mama wengine wa ploti tuliyopanga walivunja matawi ya ua wakayafunga mbele ya pikapu na kwenye vioo vya kando. Walitaka watu wajue ni dharura, watupishe. Wewe uliyaona, ukaona si wakati wa kubishana na akina mama. Mama Mutua akapanda na mimi mbele, tukaondoka.

Kufika Ngong Road, wanaume kando ya barabara wanavua kofia. Honi zimenyamaza. Gari la nyuma yetu limewasha taa, na la nyuma yake pia, msururu mzima unatufuata pole pole, maana huku matawi kwenye gari ni ishara ya msiba, na nani atapita gari la maiti? Walio mbele nao hawaendi kasi, kwa heshima. Mzee mmoja wa baiskeli akainama dirishani kwako akasema, "Poleni sana. Marehemu mnampeleka wapi?"

Hapo ndipo nililia. Nilisema wameshamzika mtoto wangu kabla hajazaliwa. Mama Mutua alijishika mdomo.

Ulimshukuru yule mzee. Ukasimamisha gari kando, ukashuka, ukafungua matawi moja moja na kuyalaza kwenye nyasi. Uliporudi uliniangalia ukasema, "Rosa, gari hili limebeba watu wanne, na wote wanapumua. Twende."

Matawi yalipotoka, heshima nayo ikaisha. Honi, matusi, watu kujichomeka. Mama Mutua, ambaye sasa alikuwa amepata sauti yake, akaanza, "Baba, si ukanyage mafuta, huyu mtoto atazaliwa na ndevu!" Wewe ukaacha nafasi yako ile ile. Kila penye shimo ulinionya mapema, nami nikashika kiti. Mtu wa lori alikutukana mamako, ukampungia mkono. Nilitazama mikono yako ilivyotulia kwenye usukani, nikajiambia, kama huyu haogopi, basi mimi naogopa nini? Ndivyo nilivyofika hospitali, na ndivyo Nafula alivyofika, akilia hadi wauguzi wakacheka.

Yaliyobaki nilisimuliwa na Mama Mutua. Anasema waliponiingiza ndani, askari wa mlangoni alikwambia uondoe gari, ukashindwa. Ilibidi watu walisukume na wewe ukiwa ndani, umeegemea usukani, unalia kama mtoto, na habari za Nafula bado hazijatoka. Ulimwapisha asiniambie kamwe. Aliniambia siku tulipokuzika.

Nilikukasirikia, Baba Nafula. Ningekushika mkono. Miaka yote hiyo nilidhani Mungu alikuumba bila woga, kumbe uliubeba peke yako na ukakataa kuutua mpaka sisi tufike.

Sasa dereva ni mimi. Mafundi wa mtaa wa Satellite wananisifu, eti Mama Nafula hatishwi na magari. Sibishani nao. Nafula akikaa kando yangu anaimba nyimbo za shule, anapiga hesabu za vidole, hana habari kama kuna lori ubavuni. Tukifika nyumbani namtanguliza ndani awashe jiko. Mimi nabaki kwenye usukani kidogo, nauegemea kama wewe siku ile, nalia, kisha nafunga gari na kuingia.

Pumzika, mume wangu. Huyu mtoto nitamfikisha.

Mkeo,
Mama Nafula