Mbegu za Mlonge Hazitaki Moto

Na huyo mume wetu, Bibi, ni mwembamba kweli kama ulivyotabiri, lakini akicheka nyumba nzima inajaa! Ulisema nikiolewa nisijidai, mume atakuwa wetu wawili. Basi pokea habari zake, mke mwenzangu, maana wiki hii umemwokoa.

Salumu anafanya kazi kwenye maabara ya mifugo hapa Mpwapwa. Tangu harusi hata miezi miwili haijafika, na kila asubuhi namchungulia dirishani mpaka kofia yake ipotee. Nilimsimulia ulivyokuwa ukinisagia mbegu za mlonge na kunipaka kwenye kidonda, nikamwonyesha kibuyu chako nilichokuja nacho kutoka Gulwe. Mti wenyewe ulikauka mara tu ulipotuacha, kwa hiyo mbegu zile ndizo zilizobaki.

Akashika kichwa. "Zaina! Kama zinaua vijidudu, hii ni penisilini ya kwetu!"

Akamwomba daktari Mzungu, mkubwa wake, sahani chache za kioo. Akapewa wiki moja, na kicheko juu yake.

Bibi, akashindwa. Alizisaga, akazichemsha sana ili pasiwe na uchafu, kama walivyomfundisha kuchemsha kila kitu. Akadondosha maji yake kwenye sahani alimopanda vijidudu vya usaha. Kesho yake vimeota kila mahali, hata penye tone. Mara ya pili hivyo hivyo. Akarudi nyumbani, hakula.

Nami nikaona haya kwa ajili yako. Nikakumbuka siku niliyotoka shule ya sekondari nikakuambia dawa yako ni ushamba. Lo, Bibi, nisamehe. Ulinijibu, "Soma, mama, lakini mbegu yangu usiiweke motoni."

Motoni! Niliruka kitini. "Umezipika!"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikamwambia Bibi alitumia maji ya mtungi, ya baridi. Mara maneno yakamtoka mbio: huenda kinachoua ni protini, na protini nyingi moto huziharibu, kama ute wa yai unavyoganda usirudi tena. Uchafu angeuondoa kwa chujio la kaure lisilopitisha vijidudu, si kwa moto.

Tukamimina kibuyu mkekani. Kiganja kimoja tu. Bibi, mkono wangu ulisita... ni wewe uliyebaki mle. Nikachukua tatu, nikazifunga kwenye pindo la khanga. Nyingine zote nikampa.

Jumamosi adhuhuri alinijia bila kofia, akanishika mkono mbele ya watu wote, akanikimbiza mpaka maabara. Nikainama kwenye sahani. Kulizunguka tone palikuwa na duara tupu, safi, kama uwanja wako uliokuwa ukiufagia asubuhi! Hakuna kijidudu kilichothubutu kuingia.

Daktari hakucheka. Aliuliza nani kamfundisha Salumu maji ya baridi.

"Mke wangu mkubwa," akajibu, "marehemu."

Maskini Mzungu, mpaka leo hajaelewa!

Salumu anasema sahani si mgonjwa, bado kuna kazi ya miaka. Daktari amempa meza yake mwenyewe, akaziomba na zile tatu. Nimekataa, Bibi. Zikisagwa, tumemaliza. Hizo zinakwenda ardhini, karibu nawe.

Pumzika, mke mwenzangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka Gulwe, mimi na mume wetu na mbegu tatu. Maji ya kuzimwagilia nitayachota mwenyewe, ya mtungi, ya baridi.

Mjukuu wako,
Zaina