Keni Iliyolowekwa Majivu

Nyakatuntu, 4 Machi 2024

Mwanangu Tumwine,

Hujambo huko Mwanza? Kifua kimeachia? Sisi wazima, na ng'ombe wanakamuliwa vizuri.

Keni ya maziwa uliyonitumia imekuwa nyeusi ndani. Niliiloweka maji ya majivu hadi asubuhi, kama tunavyosafisha ekyanzi, chombo chetu cha mti cha maziwa. Nikakuta povu, na ndani inakwaruza kama ulimi wa ndama. Revelian wa kituo cha maziwa amenirudisha na maziwa yangu mara mbili. Mara ya tatu ananifuta jina, na unajua Ayebare mdogo wako anasoma kwa maziwa hayo. Walikuuzia mbovu?

Mama yako

Mwanza, 11 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Kifua kimeachia, mgongo bado. Barua nimeisoma nimekalia gunia la vyuma chakavu.

Keni hiyo ni ya alumini, haikuwa mbovu. Kosa ni langu, sikukuonya. Niliishia darasa la sita, lakini alumini nimeiyeyusha miaka minne, naijua. Ukiikata, papo hapo hewa inaivalisha ngozi nyembamba usiyoiona. Hiyo ndiyo inaikinga, isioze kama bati. Majivu yanaichuna ngozi hiyo, kisha yanaila alumini yenyewe. Mtindi ukikaa siku nyingi unaila pia.

Kazi hii inanimaliza, Mama, lakini kitu chenyewe bado kinanishangaza. Injini ya chuma inatushinda watu wanne; ya alumini naibeba peke yangu huku natukana. Tunaletewa fremu za madirisha, nyaya nene za umeme, makopo ya soda. Vyote vinayeyuka ndani ya chungu cha chuma, na chuma kimetulia tu. Tunamimina kwenye mchanga, inatoka sufuria. Ikichoka, inarudi kwetu, inazaliwa upya. Hata mwili wa ndege ni huo huo.

Osha kwa maji moto na sabuni, kitambaa laini, anika mdomo chini. Hiyo iliyokwaruzika usiipeleke tena, uchafu unajificha kwenye vishimo. Azima ya jirani Mukashema.

Mwanao, Tumwine

Nyakatuntu, 25 Machi 2024

Mwanangu,

Mgongo upumzishe, usijifanye trekta. Huku salama.

Nilikwenda kwa jirani Mukashema. Nachungulia keni yake: nyeusi kama yangu! Anasema, "Ni uzee." Nikamwambia, "Uzee gani? Umeichuna ngozi!"

Tukaenda kituoni na keni mbili tupu. Revelian akacheka: "Mama Tumwine, leo unaniuzia hewa?" Nikaeleza mbele ya wote. Beata, muuza maziwa mwenzetu, akafunua yake, na wengine wakafunua. Keni tisa, tano nyeusi. Revelian akazihesabu tena. Angetufuta sote, gari la maziwa lingeondoka na nini? Ametuazimisha keni za kituo, na jina langu lipo.

Sasa Jumamosi ananipeleka Nyakasimbi nikawaonyeshe wanawake wa huko namna ya kuosha. Mimi niliyeharibu! Nimekubali. Lakini Beata aliniuliza hiyo ngozi inatoka wapi wakati chuma hakina damu, nikamwambia asubiri barua yako. Niandikie tena habari hiyo polepole, kwa herufi kubwa, nikawasomee.

Mama yako